Sura ya Nne: Bonaparte Arudi kwa Mbio

Kabla hujaipiga lahani hii, huna budi kuiharibu fidla yako kwanza. Uzi mnene kabisa, ule wa G, unaushusha mpaka ufike D. Uzi mwembamba, ule wa E, nao unaushusha hatua moja uwe D vilevile. Zile nyuzi mbili za katikati huzigusi. Ukimaliza una D, D, A, D, yaani nyuzi nne zenye majina mawili tu. Wapigaji wa zamani wa Kusini mwa Marekani wanauita mtindo huu tyuni ya maiti, na ukisikia jinsi ule uzi mnene ulivyolegea, unavyokoroma ukipitishiwa uta, huulizi jina limetoka wapi.

Mimi fidla niliijua Unguja, kwenye taarab. Kulegeza nyuzi hakukunitisha, maana katika muziki wa Kiarabu fidla nyingi hutyuniwa G, D, G, D, na habari hizo wazee waliotufundisha walikuwa nazo. Kilichonitisha ni vidole. Kwa miaka mingi kidole changu cha shahada kikikanyaga uzi mwembamba kinatoa F iliyopandishwa nusu. Sasa kinatoa E. Mkono unajua njia, lakini nyumba zimehamishwa. Nilikaa juma zima jikoni nikipiga noti za uongo kwa ujasiri mkubwa.

Jikoni kwenyewe kulikuwa Lexington, Kentucky. Msomaji asidhani nilikuwa ugenini peke yangu: mji ule una Wakongo wengi mno, na Kiswahili utakisikia dukani, kanisani na kwenye vituo vya basi. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja wa Kivu. Usiku wa nne aligonga mlango, si kwa hasira, akiwa na sahani ya sambusa mkononi kama mtu aliyekuja kupeleleza.

"Ndugu," akaniambia, "ile muziki yako iko na mwisho?"

Nikamjibu kwamba mwisho haina. Inakwenda sehemu ya chini mara mbili, inapanda sehemu ya juu mara mbili, inarudi chini, na hivyo hivyo mpaka wachezaji wachoke. Akatikisa kichwa, akaniachia sambusa.

Lahani yenyewe inaitwa "Bonaparte's Retreat", Bonaparte anarudi nyuma. Haina mtunzi anayejulikana. Napoleon aliacha lahani nyingi zenye jina lake katika Ireland, Uskoti na milima ya Appalachia. Katika nyingine anavuka Alps, katika nyingine anavuka mto Rhine, na katika hii anashindwa. Watu wa milimani ambao hawakuwahi kuiona Ufaransa waliendelea kumshindisha na kumrudisha kwao karne nzima baada ya yeye kufa. Wengi waliipiga taratibu, kama maandamano ya askari waliochoka, huku ile D ya chini ikivuma bila kukatika mfano wa zumari lenye mfuko. Baadhi yao walikuwa wakidonoa nyuzi kwa vidole katikati ya lahani ili kuigiza milio ya bunduki. Ulikuwa muziki wa kusimulia, na msikilizaji alitakiwa aione theluji ya Urusi.

Namna hiyo ya taratibu ndiyo niliyotangulia kujifunza, kwa sababu mwalimu wangu aliona ndiyo rahisi. Alikuwa mstaafu wa kazi ya mbao, mzaliwa wa kaunti za mashariki, mtu wa maneno machache. Hakutumia noti. Aliketi mbele yangu goti kwa goti, akapiga kipande cha urefu wa pumzi moja, akanyamaza, akanitazama. Nikikosea anarudia kilekile bila kunieleza nimekosea wapi. Aliyewahi kukaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani anaifahamu shule hiyo. Tofauti ni kwamba pale chuoni kuna herufi ya kurejea. Hapa kulikuwa na mzee, na mzee mwenyewe kila akirudia anabadilisha kitu.

Nilidhani ananichezea. Kipande hiki mara ya kwanza amekimaliza kwa noti mbili fupi, mara ya pili kwa noti moja ndefu, mara ya tatu amekimaliza kwa ule mvumo wa D tupu. Nikamuuliza, "Mzee, ipi sasa?" Akajibu, "Ndiyo hiyo," akaendelea.

Kwa hiyo nikafanya kile ambacho mtu aliyesoma shule hufanya akinyimwa jibu: nikatafuta rekodi nizilinganishe mwenyewe. Nilichora safu kwenye daftari, kila rekodi safu yake, kila sehemu ya lahani mstari wake, nikaanza kusikiliza kwa programu inayopunguza mwendo bila kushusha sauti. Safu ya kwanza ilikuwa ya A. A. Gray wa Tallapoosa, Georgia, aliyeirekodi mwaka 1924 kwa kampuni ya Okeh. Ya pili ilikuwa ya Gid Tanner na kundi lake la Skillet Lickers, 1929, nao wa Georgia. Nikaongeza Hiram Stamper wa kaunti ya Knott, Kentucky, aliyerekodiwa uzeeni. Ukizitazama zile safu utaona ndugu wa tumbo moja: kila mmoja ana pua yake, lakini mama ni mmoja.

Kisha nikaifungulia safu William Hamilton Stepp, na daftari likavurugika.

Stepp alizaliwa mwaka 1875 katika kaunti ya Lee, Kentucky. Mwezi Oktoba 1937, akiwa na miaka 62, alikutana na vijana wawili katika mji mdogo wa Salyersville, kaunti ya Magoffin. Walikuwa Alan Lomax, mwenye umri wa miaka 22, aliyekuwa akizunguka milimani kwa niaba ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na mkewe Elizabeth. Walikuwa na mashine ya kuchonga sauti moja kwa moja kwenye sahani. Stepp akashika fidla, akawapigia Bonaparte, lakini si yule wa kuburuta miguu kwenye theluji. Alimkimbiza. Akaichukua lahani ya maandamano akaifanya ya kucheza, tena ya kucheza kwa kasi, uta ukikata na kurudi kama mtu anayepiga ubao kwa randa. Mvumo wa D umo bado, ila sasa hauombolezi, unasukuma.

Mara ya kwanza kuisikia niliangalia kama programu yangu imeharibika.

Na hapa ndipo kulinganisha kunapokuwa kazi ya mikono hasa. Kwanza, sauti ya rekodi hailingani na fidla yako. Mashine za wakati ule hazikuwa na mwendo thabiti, kwa hiyo D unayoisikia huenda haikuwa D mezani kwa Stepp. Huna budi kuitafuta sauti ya sahani, uitie fidla yako humo, ndipo nyuzi tupu za kwako na za kwake ziitikiane. Pili, sahani haina macho. Inakupa noti, lakini haikuonyeshi uta ulikuwa ukienda juu au chini, na siri yote ya muziki huu imo kwenye uta. Noti nane zilezile ukizipiga kila moja kwa mkato wake zinatoa zoezi la shule. Ukiziunganisha tatu kwa mvuto mmoja, ukakata moja, ukaunganisha tena tatu na kukata moja, watu wananyanyuka vitini. Nilijaribu migawanyo minne ya uta kwa mstari mmoja tu wa Stepp, nikijirekodi na kujilinganisha naye, mpaka nikapata mmoja ambao ule mkazo uliangukia mahali pake. Siapi kwamba ndio aliotumia. Ila mwingine wowote ulinifanya nichelewe.

Tatu, na hili ndilo lililonirudisha kwa mwalimu wangu nikiwa na adabu zaidi, Stepp mwenyewe hajirudii sawasawa. Ndani ya sahani moja, sehemu ileile akiirejea, anaipamba vingine. Nilikuwa nimeacha safu moja kwa ajili ya Stepp. Nikalazimika kuigawa.

Mtu aliyeuona ugumu huo kabla yangu, na akaukabili vizuri kuliko mimi, ni Ruth Crawford Seeger. Huyu alikuwa mtunzi wa muziki wa kisasa kabisa, muziki mgumu wa kumbi za tamasha, na mwaka 1930 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa ufadhili wa Guggenheim kwa kazi ya utunzi. Akina Lomax, baba na mwana, walipotayarisha kitabu cha nyimbo kilichotoka mwaka 1941 kwa jina la "Our Singing Country", yeye ndiye aliyepewa sahani azigeuze kuwa noti. Alizisikiliza tena na tena kwa uvumilivu usio wa kawaida, akihangaikia swali lilelile la jikoni kwangu: mpigaji akiirudia sehemu mara kadhaa, na kila mara vingine, ipi iandikwe? Ya kwanza? Ile inayojitokeza zaidi? Au mchanganyiko ambao mpigaji hakuupiga hata siku moja? Aliandika maelezo marefu juu ya masuala hayo ili yaingie kitabuni, yakawa marefu mno, yakaachwa. Yalichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2001, karibu miaka hamsini baada ya kufa kwake.

Kitabu kikatoka na Stepp wake mmoja, kwenye karatasi, amesimama wima. Kwa maoni yangu hakuna kosa lililofanyika hapo. Karatasi haiwezi kubeba zaidi ya hapo. Lakini karatasi ina miguu kuliko mzee wa Salyersville.

Mwaka uliofuata, 1942, Aaron Copland alikuwa akitunga muziki wa baleti ya Agnes de Mille iitwayo "Rodeo". Alihitaji ngoma ya kumalizia, ya wachunga ng'ombe na vumbi. Akafungua kile kitabu, akamchukua Stepp karibu noti kwa noti, akamgawia kwenye fidla za okestra nzima, akachanganya na lahani nyingine ya kale, akaita kipande hicho "Hoe-Down". Jina la Bonaparte likaangukia njiani. Onyesho la kwanza lilifanyika Oktoba 16 mwaka huo katika Metropolitan Opera House, New York, na watazamaji waliwarudisha wachezaji mbele ya pazia mara 22. Huwa napenda kuihesabu safari hii kwa vidole. Lahani juu ya Mfaransa aliyeshindwa Urusi, ikapigwa na mzee wa Kentucky, ikaandikwa na bibi wa muziki wa kisasa, ikapambwa na mtunzi mzaliwa wa Brooklyn, ikachezwa na kampuni iliyojiita Ballet Russe de Monte Carlo, na tangu hapo ikawa sauti ya malisho ya magharibi ya Marekani, mahali ambapo Stepp hakuwa na shughuli napo.

Haikuishia hapo. Mwaka 1972 kundi la roki la Uingereza, Emerson, Lake & Palmer, liliipiga kwa vinanda vya umeme. Mwaka 1992 wafanyabiashara wa nyama ya ng'ombe waliitia kwenye tangazo la televisheni, na hiyo ndiyo iliyoifikisha kila sebule ya Marekani. Niliyathibitisha haya kazini. Nilikuwa napiga mluzi huku nikipanga masanduku, na mwenzangu mmoja, kijana ambaye nina hakika hajawahi kuisikia sahani ya mwaka 1937, akanitazama akasema, "Una njaa?"

Wakati huohuo ile namna ya taratibu nayo ilikuwa na njia yake. Pee Wee King aliitia maneno ya mapenzi mwaka 1950, na mwaka huohuo Kay Starr akaiimba ikapendwa sana redioni. Glen Campbell akairudia mwaka 1974. Hivyo kukawa na Bonaparte wawili mjini. Mmoja anaimba mapenzi na jina lake analo. Mwingine anauza nyama na jina lake limepotea.

Nikamaliza miezi miwili nikijifunza Stepp, nikajiona nimeiva. Nikaenda kwa mwalimu, nikatyuni, nikampigia mwanzo mpaka mwisho bila kukwama. Alisikiliza akiwa ameinamia viatu vyake. Nilipomaliza akasema neno moja, jina la tangazo la nyama.

Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani nikacheza rekodi tatu kwa zamu: ya kwangu, ya okestra, ya Stepp. Mimi na okestra tulikuwa tumeshikana mikono. Pale ambapo Copland ameifanya noti iwe safi na fupi, nami nimeifanya safi na fupi. Ilhali Stepp pale anaugusa uzi wa pili pamoja na wa kwanza, uta umelalia nyuzi mbili, sauti ni chafu kidogo na ni pana, na noti inayofuata inazaliwa ndani ya uchafu huo. Nilikuwa nimeisikiliza sahani ya 1937 pengine mara mia, na mara zote mia nilikuwa nasikia okestra, kwa sababu okestra ndiyo iliyotangulia sikioni mwangu, kwenye redio za watu, kwenye televisheni, kwenye mluzi wa wengine. Daftari langu lenye safu lilikuwa limenisaidia kuzipata tofauti za noti. Tofauti yenyewe haikuwa kwenye noti. Noti ndicho kitu pekee ambacho Copland na Stepp wanakubaliana.

Dawa niliyoipata ilikuwa ya kijinga kidogo. Niliacha kupiga lahani. Kwa juma zima nikawa napiga mvumo tu: uta kwenye nyuzi mbili za chini, D na D, kwa ule mgawanyo wa tatu na moja, bila kukanyaga kidole hata kimoja. Ukifanya hivyo nusu saa unaanza kusikia mdundo ambao mwanzo ulikuwa umefunikwa na lahani, kama vile msondo unavyosikika ukiwa nje ya ukumbi wa harusi, kabla hujawasikia waimbaji. Siku ya sita nikaanza kudondosha noti za lahani juu ya mdundo ule, chache chache, bila kujali kama nimezimaliza. Ikaja. Haikuwa Stepp, lakini nyama ilikuwa imeondoka.

Majira ya kuchipua nilichukua gari nikafuata barabara ya Mountain Parkway kutoka Winchester, nikaenda nayo mpaka inapokomea, Salyersville. Nilitarajia nini, sijui niseme. Ni mji mdogo kando ya mto Licking, una benki, una mahakama, una vilima vinavyousogelea pande zote kana kwamba vinataka kusikia watu wanasema nini. Nilinunua kahawa, nikaketi garini, nikaicheza ile sahani kwenye simu. Bado ilikuwa ya kasi mno. Nilifikiri kwa mara ya kwanza kwamba huenda Stepp alikuwa anafurahi tu. Mbele yake yuko kijana wa serikali na mashine ambayo haijawahi kuonekana kijijini, na mzee ana dakika chache za sahani. Nani kati yetu angepiga taratibu?

Mwalimu nilimpigia tena mwezi Mei, barazani kwake. Safari hii hakuinama. Katikati ya sehemu ya juu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na fidla yake, akatyuni akiwa amesimama, akajiunga nami. Ila alijiunga kwa mwendo wake, ule wa maandamano, mpole kabisa, akaning'ang'aniza nimfuate. Tulivutana hivyo kwa muda, Bonaparte mmoja akikimbia na mwingine akiburuta mguu, mpaka tukakutana mahali fulani katikati ambapo sikuwa nimepafikia kwenye rekodi yoyote. Mkewe alitoka jikoni akasimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo.

"Hizo ndogo za mwisho wa kipande," mwalimu akaniambia tulipotua, akimaanisha zile noti mbili fupi, "umezipata wapi?"

Nikamwambia nimezipata kwake, siku ya kwanza. Akasema yeye hapigi hivyo.

Jioni nilipofika nyumbani nilianza kuirudisha fidla kwenye hali yake ya kawaida, maana Jumamosi tulikuwa na harusi na taarab haipigwi kwa tyuni ya maiti. Uzi wa G ukapanda vizuri. Uzi wa E, uliozoea kulegea tangu Februari, nikauvuta taratibu, D, D iliyopanda kidogo, karibu E, ukakatika na kunichapa kwenye shavu. Madukani saa ile pamefungwa. Mama wa Kivu akagonga ukuta kuuliza kulikoni. Nikaishusha tena G mpaka D, nikapiga sehemu ya chini, ambayo uzi ule haiuhitaji.